Nyumba ya Babu Kibosho: Miaka Mitatu ya Kuirudisha Ilivyokuwa Mwaka 1956

Nyumba ya babu yetu ilijengwa Kibosho, kwenye mteremko wa mlima Kilimanjaro, kwa fedha za kahawa. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana mwaka 1954, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazili mwaka mmoja kabla, na wakulima wa mlimani waliouza kupitia KNCU, chama chao cha ushirika, walijikuta na fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuzishika. Babu alizitumia zake kujenga nyumba ya mawe. Mwaka wa kumaliza aliuandika mwenyewe kwa kidole kwenye saruji mbichi ya ngazi ya baraza, 1956, na tarakimu ya mwisho haikuzama vizuri kwa sababu, kama alivyotueleza bibi, saruji ilikuwa imekwisha kuanza kushika.

Kuta zake ni za mawe ya mlimani yaliyoshikizwa kwa udongo na kupigwa lipu ya chokaa. Paa ni la mabati mazito kuliko yanayouzwa leo, dari ni ya mbao, madirisha ni ya mbao yenye vioo vidogo sita kila ubawa, na sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Nilizaliwa nikiiona hivyo, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuitazama.

Krismasi ya mwaka 2021, tulipokutana nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wachaga, kikao cha familia kilijadili kuibomoa. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma, mvua ilikuwa ikivuja chumba cha kulala, mchwa walikuwa wamekula fremu ya mlango wa nyuma, na ukuta wa sebule ulikuwa na ufa unaopanda kutoka kona ya dirisha hadi karibu na dari. Kaka zangu walikuwa na ramani ya nyumba mpya mkononi. Sikuwalaumu, kwa maana majirani wengi wamebomoa za kwao, na mtu anayerudi kutoka Dar es Salaam na watoto wanne anahitaji bafu la ndani. Niliomba nipewe miaka mitatu na nafasi ya kujaribu kuikarabati kwa fedha za kiinua mgongo changu.

Hapa niseme jambo la kwanza, kwa sababu ndilo lililokaribia kutuvunja kabla ya jiwe lolote kuguswa. Kwa mila zetu nyumba ya baba huachiwa kitinda mimba, kwa hiyo nyumba niliyotaka kuitengeneza si yangu na haitakuwa yangu. Tuliandika muhtasari wa kikao, tukaeleza nani atalipa nini, nani ataamua ramani ya ndani, na kwamba fedha nitakazoweka sitazidai kama deni, kisha wote tukatia saini mbele ya mjomba. Anayekusudia kugusa nyumba ya ukoo asianze bila karatasi ya namna hiyo, hata kama ndugu zake wanapendana kama sisi.

Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Nilitaka nyumba ipendeze ifikapo Pasaka ya mwaka 2022, nikamleta fundi kutoka mjini Moshi ambaye nilikuwa nimeona kazi zake nzuri kwenye nyumba mpya za matofali. Alizunguka nyumba kwa muda usiozidi nusu saa, akagonga lipu ya zamani kwa nyundo, ikadondoka, akasema imekufa na inahitaji lipu ya saruji, kisha wolputi ya kulainisha ukuta, kisha rangi ya mafuta ili kuta zioshwe kwa urahisi. Kwa ushauri wake nilikubali pia kung'oa madirisha mawili ya sebuleni na kuweka ya alumini. Sebule na chumba kimoja vilikamilika ndani ya wiki tatu. Vilikuwa vinang'aa, na shangazi alipoingia alipiga vigelegele.

Masika yalipoanza, kuta zilianza kubadilika. Mwanzoni niliona vipele vidogo kwenye rangi, karibu na sakafu, vya ukubwa wa punje ya mtama. Nilipokibonyeza kimoja kilitoa tone la maji. Wiki mbili baadaye vipele vilikuwa mapovu, mapovu yakapasuka, na chini yake kukatokea unga mweupe wenye ladha ya chumvi ambao niliufagia asubuhi na kuukuta tena jioni. Kufikia mwezi Mei unyevu, ambao kabla ya lipu mpya haukuwahi kupita usawa wa goti, ulikuwa umefika kiunoni. Ukigonga ukuta kwa kifundo cha kidole ulisikia uwazi nyuma ya saruji, kama mtu anayegonga kibuyu.

Nililia, na kwa wiki kadhaa sikumwambia ndugu yeyote. Nilikuwa nimetumia shilingi 2,350,000 kwa vyumba viwili, na vyumba hivyo vilikuwa vibaya kuliko nilivyovikuta.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye katika ujana wake alikuwa kibarua wa waashi waliojifunza kazi misheni. Nilimfuata kwake, nikamwamkia na kumweleza. Alikuja na mkongojo wake, akaweka kiganja kwenye ukuta wa sebule, kisha kwenye ukuta wa chumba ambacho hatukukigusa, akakaa kimya kwa muda. "Mwanangu," akasema, "ukuta huu unatoka jasho. Ninyi mmeuvalisha nailoni."

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyathibitisha kwa kusoma na kwa macho yangu, ni haya. Nyumba nyingi za zamani hazina utando wa kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo unyevu wa ardhi hupanda ndani ya mawe na udongo kila msimu wa mvua. Lipu ya chokaa ina matundu madogo yanayoruhusu unyevu huo kutoka nje na kukauka kwa upepo. Saruji ni ngumu na imejifunga zaidi, na rangi ya mafuta huziba kilichobaki, hivyo maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi kuutafuta mlango, yakibeba chumvi za ardhini ambazo huganda chini ya rangi na kuibandua. Vilevile saruji haikubali kucheza. Ukuta wa mawe na udongo husogea kidogo kadiri ardhi inavyolowa na kukauka, chokaa hufuatana nao, saruji hukatika.

Hata hivyo mzee hakutaka tuzungumzie lipu kwanza. Alitoka nje na kuanza kuuliza maji yanatoka wapi. Tulizunguka naye nyumba mara mbili. Udongo wa bustani ulikuwa umepanda kwa miaka mingi ya kufagia na kupanda maua, ukawa juu ya usawa wa sakafu kwa zaidi ya shubiri upande wa nyuma. Gata zilikuwa zimeoza, kwa hiyo maji yote ya paa yaliangukia mguuni pa ukuta. Kisha akapanda kwenye migomba juu ya nyumba, nami nikamfuata, akanionyesha mfongo wa ukoo, yaani mfereji wetu wa maji, unaopita pale. Zamu yetu ya maji ilikuwa imefika siku hiyo, na ukingo wa mfongo ulikuwa umetoboka mahali padogo, pengine kwa kuchimbwa na fuko, na maji yalikuwa yakijipenyeza ardhini kimya kimya kuelekea kwenye msingi wa babu. Tundu lenyewe lingeweza kuzibwa kwa viganja viwili vya udongo wa mfinyanzi, na ndivyo lilivyozibwa.

Mwaka wote uliobaki hatukupiga lipu yoyote. Tulishusha udongo kuzunguka nyumba, tukachimba mtaro wenye mteremko na kuujaza kokoto, tukaweka gata mpya na mabomba ya kupeleka maji mbali kwenye migomba, tukakarabati ukingo wa mfongo kwa msaada wa wazee wanaousimamia. Kazi hii haionekani kwenye picha na hakuna mgeni anayeisifu, lakini kama ningetakiwa kuchagua kazi moja tu kati ya zote tulizofanya, ningechagua hii. Ningeanza upya leo, ningekaa ndani ya nyumba masika moja nzima nikiwa na daftari, nikiandika maji yanaingia wapi na kuta zinalowa hadi usawa gani, kabla ya kumwita fundi yeyote.

Kung'oa lipu ya saruji kuligharimu shilingi 640,000 nyingine, na iling'oka na vipande vya mawe. Kaka yangu mkubwa aliniuliza kwa simu kama bado nina uhakika. Nilimjibu kwamba sina, lakini nimeanza kuielewa nyumba.

Chokaa tuliinunua kwa magunia, ya Tanga, ikiwa imekwisha kuzimwa na kuwa unga. Mzee alitukataza kuitumia siku hiyohiyo. Tuliiloweka kwenye mapipa, maji yakiwa yameifunika, kwa miezi miwili, mpaka ikawa laini na nzito kama mtindi uliokatwa vizuri. Tulichanganya sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa mto ulioshwa, wenye punje kali zinazokwaruza kiganja, na kwenye matabaka mawili ya kwanza tukaongeza nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole ili lipu isipasuke. Zamani, alisema, walitumia singa za mkia wa ng'ombe. Kila tabaka halikuzidi unene wa kidole, na kati ya tabaka na tabaka tulisubiri wiki mbili au zaidi, tukining'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta ili usikauke upesi. Sababu ni kwamba chokaa haikauki tu kama udongo. Hugeuka tena kuwa jiwe kwa kunyonya hewa ya ukaa, na kazi hiyo huenda polepole na huhitaji unyevu. Fundi aliyezoea kulipwa kwa siku na kumaliza chumba kwa siku mbili ataona huu ni upotevu, kwa hiyo kubalianeni malipo kwa tabaka, na mpeni nafasi ya kufanya kazi nyingine katikati.

Kuna jambo ambalo mpaka leo linanisikitisha. Kijana aliyekuwa akikoroga mapipa hakuwa na miwani, kwa sababu mimi sikununua. Chokaa ilimrukia jichoni. Tulimwosha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na kumkimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu aliona vizuri baada ya wiki moja, lakini chokaa huunguza, na jicho linaweza kupotea. Miwani na glavu ni gharama ndogo mno kulinganisha na kile nilichokuwa tayari kukipoteza kwa uzembe wangu. Na kwa kuwa nazungumzia hatari, rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na risasi, yaani madini yenye sumu, kwa hiyo msizipige msasa zikiwa kavu wala kuzichoma kwa moto. Lowesheni, kwangueni, na watoto wawe mbali. Nyumba za zamani ambazo paa au dari zake ni za asbesto zisikatwe wala kuvunjwa na fundi wa kawaida. Ya kwetu haikuwa nayo, lakini tuliuliza kwanza.

Mbao zilikuwa somo jingine. Dari ya babu ni ya mseri, mti wa mlimani ambao mafundi wengi wanauita kamfa, na ukiukwangua kidogo hata leo unatoa harufu kali kama ya dawa. Kuvuna miti ya asili kwenye msitu wa Kilimanjaro ni marufuku, na hiyo ni haki, kwa maana mifongo yetu inategemea msitu huo. Kwa hiyo mbao mpya za aina hiyo hatungepata na hatukupaswa kutafuta. Tulizipata kwa wale waliokuwa wakibomoa. Kila nilipomsikia jirani anayejiandaa kujenga upya kabla ya Krismasi, nilikwenda kumwomba aniuzie mbao za dari, bawaba, vitasa na vioo, na wengi walinipa kwa bei ya kuni, kwa kuwa ndiko zilikokuwa zikielekea. Bodi za cypress tulizitumia mahali pasipoonekana tu, juu ya dari.

Kabla ya kupata mbao hizo nilifanya kosa jingine. Niliruhusu oli chafu ya magari ipakwe kwenye boriti na migongo ya mbao za dari kuzuia mchwa, kama wengi wanavyofanya. Miezi minne baadaye ilipenya kwenye mbao na kutoa madoa meusi upande wa sebule, na hakuna rangi iliyoweza kuyaficha. Mbao kumi na moja zilibidi zitolewe. Tumieni dawa ya mchwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na muhimu zaidi, tafuteni njia wanayopandia; wetu walikuwa wakipanda kupitia rundo la kuni lililoegemezwa ukutani.

Madirisha ya sebuleni nilikuwa nimeyaacha yachukuliwe na fundi wa kwanza. Moja nililipata kwa jirani wa fundi huyo likiwa mlango wa banda la kuku, na vinne kati ya vioo vyake vikiwa salama. Nililinunua. Vioo hivyo vya zamani vina mawimbi madogo, na ukitembea sebuleni asubuhi unaona migomba ya nje ikicheza kidogo ndani yake, jambo ambalo kioo kipya hakiwezi kulifanya. La pili lilikuwa limekatwa, kwa hiyo seremala alilichonga upya kwa kupima lile la kwanza, kwa mbao za mninga. Alumini niliiuza kwa nusu ya bei niliyonunulia.

Paa lilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kati ya mabati 46, tulibadilisha 17 tu, tukahamishia mabovu kiasi upande wa jiko la nje. Umeme tuliupitisha juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba yaliyopakwa rangi ya ukuta, kwa sababu kupiga tindo kwenye ukuta wa mawe na udongo hulegeza mawe. Bafu na choo tulivijenga nje ya kuta za zamani, vikiungwa kwa kibaraza kifupi, na kaka zangu wakaridhika.

Kilichonipa furaha kubwa ni rangi. Nilidhani ndani kulikuwa na krimu siku zote, kwa kuwa ndivyo nilivyokumbuka. Seremala alinifundisha kukwangua kwa wembe sehemu ndogo ya fremu ya mlango, isiyozidi sarafu ya shilingi mia, kwa mshazari, kisha kuilowesha na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Matabaka yalijitokeza kama pete za mti: krimu, kahawia, krimu nyingine, kijivu, na chini kabisa, juu ya mbao, kijani kibichi kama jani la mbuni. Hiyo ndiyo rangi aliyoichagua babu. Nyuma ya kabati la vyombo, mahali ambapo hakuna aliyepaka tena, tulikuta ukuta wa awali: chokaa nyeupe yenye ubuluu kidogo juu, na mkanda mwekundu wa udongo kwa chini hadi usawa wa kiuno, uliotenganishwa kwa mstari mwembamba mweusi. Bibi yangu mdogo, mwenye umri mkubwa sasa, alipoulizwa alikumbuka kwamba walitia buluu ya kufulia ndani ya chokaa ili weupe wake uwe baridi. Tulifanya vivyo hivyo, chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine.

Kwa samani sikununua kitu kipya. Makochi ya mninga ya babu yalikuwa ghalani yakiwa yamepotea mito. Tulishona mito mipya na kuvitandika vitambaa vya kufuma ambavyo dada zangu walikuwa navyo masandukuni. Karabai tuliisafisha na kuitundika kwenye ndoano yake, na balbu iko pembeni, haionekani kwanza. Sakafu nyekundu niliambiwa niifunike kwa marumaru. Tuliziba nyufa zake kwa saruji iliyochanganywa rangi nyekundu, tukajaribu rangi hiyo kwenye vipande vitano vya majaribio kabla ya kuipata, kisha tukaipaka nta na kuisugua kila Jumamosi.

Nilikuwa nimepanga milioni 18. Mpaka Desemba 2024 nilikuwa nimetumia milioni 31, na katika hizo karibu milioni nne na nusu zilikuwa gharama za makosa niliyoyaeleza. Anayefanya hesabu ya kazi kama hii aweke akiba ya angalau theluthi moja, na asiiguse kwa mapambo mpaka maji na paa viishe. Krismasi hiyo tulilala watu kumi na tisa ndani. Kaka yangu mkubwa alikaa barazani muda mrefu akipitisha kidole kwenye tarakimu za ngazi, kisha akaniuliza kama mzee wetu anahitaji chochote, nami nikamwambia miwani.

Ufa wa sebule hatukuuziba mara moja. Mzee alitushauri tuuchore mstari wa penseli kwenye ncha yake ya juu na kuandika tarehe pembeni, na kurudia kila miezi mitatu, kwa sababu ufa uliolala huzibwa kwa chokaa, lakini ufa unaotembea unahitaji msingi kuangaliwa. Alama za mwaka 2022 ni tatu, na zimepandana kwa urefu wa vidole viwili. Baada ya tundu la mfongo kuzibwa na mtaro kuchimbwa kuna alama moja tu mpya, ya Februari 2023. Tuliuziba Septemba 2024, tukaziacha zile tarehe za penseli wazi bila kuzipaka rangi, na kila ninapofika nyumbani huanza kwa kwenda pale kuangalia.